Ngata za Mizabibu: Wiki Moja Kisiwani Santorini

Kabla sijaanza kusimulia, niseme jambo moja ili tusikwazane. Makala haya yanahusu zabibu na mvinyo. Najua wasomaji wetu wengi hawagusi kilevi, na hata nyumbani kwetu Leicester ndivyo ilivyo: baba watoto ni mtu wa Unguja, hajawahi kuonja, na watoto wamelelewa hivyo. Lakini mimi ni mtu wa Hombolo, Dodoma. Nimekulia kwenye zabibu. Ada yangu ya sekondari ililipwa na zabibu, na nguo za sikukuu zilitoka humo humo. Kwa hiyo nikisema tulikwenda Ugiriki kutazama mashamba ya mizabibu, msidhani tulifuata chupa. Nilifuata shamba.

Safari ilikuwa ya Agosti 2025, watoto wakiwa likizo. Wiki moja kabla ya kuondoka, mdogo wangu wa kiume alinipigia simu kutoka nyumbani.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

Nikajua kuna neno, maana kwa kawaida yeye hutuma ujumbe tu. Akaniambia amepatikana mtu anayetaka shamba la marehemu baba, ekari mbili, akate viwanja. Ninyi mnaotoka Dodoma mnafahamu hali ilivyo tangu serikali ihamie kule: mji unatanuka, na palipokuwa na mizabibu leo kuna mawe ya mipaka na rundo la tofali. "Mama anasema tukusubiri wewe, ndiwe mkubwa," akasema. "Lakini mnunuzi hasubiri, Dada. Anataka jibu mwisho wa mwezi."

Jibu langu la kwanza lilikuwa kali. Nilimwambia shamba la baba haliuzwi, nikamuuliza hana haya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi fikiria huko safarini." Nikafunga simu nikiwa na hasira, na hasira hiyo nikasafiri nayo.

Kisiwa kilicholipuka

Santorini iko kusini mwa bahari ya Aegean, katika kundi la visiwa viitwavyo Cyclades. Wagiriki wenyewe hukiita Thira. Ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba 76 hivi, na wakazi wake ni elfu kumi na tano na ushei. Ukikitazama kwenye ramani, utaona kimepinda kama mwezi mwandamo. Hakikuumbwa hivyo. Yapata miaka 3,600 iliyopita volkano ililipuka, katikati ya kisiwa pakadidimia, na bahari ikaingia. Kilichobaki ni ukingo. Upande wa ndani ni jabali linaloshuka kwa mamia ya mita hadi majini, na juu yake ndiko zilikojengwa zile nyumba nyeupe za Fira na Oia ambazo kila mtu amewahi kuziona kwenye kalenda. Upande wa nje ardhi inateremka taratibu kuelekea baharini, na huko ndiko kuliko na mashamba mengi.

Siku ya kwanza tuliwapeleka watoto Akrotiri, mji wa kale uliofukiwa na majivu ya mlipuko ule. Mwanaakiolojia Spyridon Marinatos alianza kuufukua mwaka 1967, na sasa umeezekwa paa kubwa, unatembea juu ya vijia vya mbao ukitazama chini. Kuna nyumba za ghorofa, ngazi, mifereji ya maji machafu, na mitungi mikubwa ya kuhifadhia chakula imepangwa kama dukani. Mifupa ya watu haikukutwa. Wakazi walikuwa wameshaondoka kabla majivu hayajawaangukia. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka kumi na miwili, alisoma kibao kile, akanigeukia: "Kumbe na wao walihama."

Mlipuko huo huo uliowafukuza wale ndio ulioleta udongo wa mizabibu. Si udongo kama tunaoujua. Ni mchanganyiko wa majivu, mchanga na vijiwe vyepesi vyenye matundu, lile jiwe la kusugulia nyayo bafuni. Shambani limetapakaa kama kokoto. Wakulima wa huko huuita udongo huo aspa. Ukiuchota mkononi ni mkavu kama unga, na mvua ya mwaka mzima kisiwani kwa kawaida haifiki milimita 400. Hakuna mto wala chemchemi za kutegemewa. Nilijiuliza kinachoota hapa kinakunywa nini.

"Mizabibu iko wapi?"

Tulipanga vyumba viwili kwa familia moja katika kijiji cha Pyrgos, mbali kidogo na vurugu za Fira. Mama mwenye nyumba alipojua kwamba kwetu pia tunalima zabibu, alikwenda moja kwa moja kumwita baba mkwe wake. Akatoka mzee wa miaka sabini na minane, mfupi, mikono imekomaa kama mizizi. Hakujua Kiingereza. Mjukuu wake, binti anayesoma Athens na aliyekuja kusaidia mavuno, ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Mzee akauliza swali moja tu: kwetu tunavuna mara ngapi kwa mwaka? Nikamwambia mara mbili. Akacheka, akasema kitu ambacho binti alikitafsiri hivi: "Babu anasema basi ninyi mnachoka mara mbili." Akatualika twende naye shambani kesho yake alfajiri.

Tulifika bado giza linapambazuka. Binti yangu alisimama ukingoni mwa shamba akaangaza huku na huku. "Mama, mizabibu iko wapi?" Hata mimi sikuiona. Nilikuwa nikitafuta nguzo na waya, kama za Hombolo, na majani yaliyosimama mstari. Hapakuwa na nguzo hata moja. Kulikuwa na vichuguu vya kijani vilivyolala chini, hapa kimoja, pale kingine, kwa nafasi ya hatua mbili tatu.

Nikainama karibu, na hapo nikaelewa. Kila mzabibu ulikuwa umezungushwa kuwa duara, tawi juu ya tawi, mviringo juu ya mviringo, hadi ukawa kama kikapu kisicho na kitako. Wagiriki hukiita kouloura, jina ambalo pia ni la mkate wa mviringo. Mimi sikuona mkate. Niliona ngata. Ile ngata ambayo mama huizungusha kwa kanga au kwa majani kabla ya kujitwika ndoo. Nilimwambia binti yangu, akacheka, akasema, "Kweli! Shamba zima la ngata."

Sababu ya ngata hizo ni upepo. Kiangazi Aegean huvuma upepo wa kaskazini uitwao meltemi, siku hata siku, nao hubeba mchanga unaoweza kukwangua majani na kupasua zabibu. Mzabibu ukisimama, unaumia. Ukilala na kujikunja, vichala huning'inia ndani ya duara, salama na upepo, salama na jua kali. Usiku, ukungu kutoka baharini hutua juu ya shamba. Vile vijiwe vyenye matundu huunyonya, kisha huuachia mizizi kidogo kidogo. Hicho ndicho kinywaji chake. Mizabibu mingi ya kule haijawahi kumwagiliwa.

Kuna jambo jingine lililoufanya udongo huo kuwa wa pekee. Katika miaka ya 1860 kidudu kiitwacho filoksera, jamii ya vidukari, kiliingia Ulaya kutoka Amerika. Hula mizizi ya mzabibu. Kiliangamiza mashamba ya Ufaransa na nchi nyingine nyingi, na dawa iliyopatikana ilikuwa kubebesha: unaotesha shina la mzabibu wa Kiamerika unaostahimili kidudu, kisha juu yake unabebesha mzabibu wa Kiulaya. Hadi leo sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya imesimama kwa miguu ya mwenzake. Santorini haikuguswa. Filoksera haiwezi kuishi katika mchanga wa volkano ule usio na ufinyanzi. Mizabibu ya pale imesimama kwa mizizi yake yenyewe.

Na mizizi hiyo ni mizee. Ngata ikishazungushwa miaka mingi, maji hupata taabu kufika mwisho wa tawi, na mavuno hupungua. Mkulima basi huikata ngata yote, akaacha shina. Chipukizi jipya hutoka chini, naye huanza kulizungusha upya. Mzee alitugusisha ngata moja, akasema aliianza yeye akiwa na ndevu nyeusi. Kisha akapiga chini kwa kisigino: "Lakini huku chini ni ya babu wa babu yangu."

Zabibu za pale pale

Zabibu inayotawala kisiwani ni nyeupe, jina lake Assyrtiko. Sifa yake kubwa ni kwamba huiva kwa jua lote lile bila kupoteza ukali wake. Zabibu nyingi zikipigwa na joto hubaki utamu mtupu. Hii utamu unapanda na uchachu unabaki. Nilipoitafuna, ulimi uliniruka kama nimelamba ukwaju, halafu ukaja utamu, na mwisho kitu kama chumvi. Pamoja nayo kuna Athiri, iliyo laini zaidi, na Aidani, yenye harufu kama ya maua. Nyekundu zipo pia: Mandilaria, na nyingine iitwayo Mavrotragano, ambayo ilikaribia kutoweka kabisa kabla wakulima wachache hawajaanza kuipanda tena katika miaka ya 1990.

Tulivuna kwa mkono, tumechuchumaa, kwa sababu hakuna mashine inayoweza kuingia katika ngata. Unafunua majani, unatafuta kichala, unakikata kwa kisu kidogo, unakiweka kwenye kreti. Saa moja tu mgongo wangu ukaanza kulalamika. Mzee alikuwa mbele yetu kwa ngata kumi. Baba watoto, ambaye ni mtu wa bahari na si wa shamba, alipewa kazi ya kubeba makreti, naye alibeba bila kunung'unika.

Saa nne joto lilipozidi tuliacha, tukazipeleka zabibu kwenye canava. Hilo ni jina la pango la kutengenezea mvinyo, lililochimbwa ndani ya ule mwamba laini wa majivu. Ndani kuna ubaridi kama umeingia msikitini mchana wa Ramadhani. Zamani zabibu ziliingizwa juu, zikakanyagwa kwa miguu ndani ya birika la mawe, na maji yake yakateremka yenyewe hadi kwenye kisima kidogo chini. Siku hizi familia ile ina mashine ndogo ya kukamulia na matangi ya chuma, na zabibu nyingine huziuza kwenye ushirika. Muungano wa vyama vya ushirika wa kisiwa ulianzishwa mwaka 1947, na bado unanunua zabibu za wakulima wadogo.

Watoto walipewa sharubati iliyotoka kwenye mashine dakika ile ile, kabla haijachachuka. Ilikuwa ya kijani kibichi na yenye povu. Baba watoto naye akanywa glasi mbili, akasema, "Hii ningeiuza Forodhani." Ile iliyobaki ndiyo huachwa ichachuke kwa siku nyingi, hamira ikila sukari, hadi iwe mvinyo. Kuna mvinyo wao mmoja wa kale uitwao Nykteri, jina litokanalo na usiku, kwa kuwa zamani zabibu zake zilikamuliwa usiku kukwepa joto.

Mwingine ni ule mtamu, Vinsanto. Zabibu zake zikishavunwa hulazwa juani wiki mbili hivi, mpaka zinywee na kukaribia kuwa zabibu kavu kama zile za kutilia pilau. Ndipo hukamuliwa. Maji yake ni machache na mazito kama asali, na sheria inataka mvinyo wake ukae kwenye pipa la mti miaka isiyopungua miwili. Kwa karne nyingi uliuzwa nje kwa meli, na makanisa ya Urusi yalikuwa wateja wake wakubwa. Tulipita penye zabibu zilizoanikwa, mwanangu akaomba moja, akapewa mkono mzima.

Waliobaki na walioondoka

Mchana tulikaa kivulini tukala. Walituletea fava, ambayo ni aina ya dengu ya kisiwani iliyopikwa ikapondwa, samaki wa kuchoma, na nyanya ndogo zinazolimwa bila maji kama mizabibu. Ndipo mzee akaanza kusimulia.

Tarehe 9 Julai 1956 alikuwa na miaka tisa. Tetemeko lilipiga alfajiri. Watu zaidi ya hamsini walikufa na nyumba nyingi zikaanguka, na katika miaka iliyofuata wengi waliondoka, wengine kwenda Athens, wengine ng'ambo. Kaka zake wawili walipanda meli hadi Melbourne, Australia. Yeye alibaki kwa sababu alikuwa mdogo na baba alihitaji mikono. "Walioondoka waliniona maskini," alisema. "Baadaye watalii wakaja, wakaniona tajiri. Mimi nilikuwa napogoa tu."

Hivi sasa kisiwa hupokea watu zaidi ya milioni tatu kwa mwaka. Hebu fikirieni, kijisehemu kile. Kila kipande cha ardhi kinachoona bahari kina mtu anayekitaka kwa hoteli au nyumba ya kupangisha. Mavuno ya 2023 na 2024 yalikuwa mabaya kwa joto na ukame, na bei ya zabibu imepanda sana, lakini bado haiwezi kushindana na bei ya ardhi. Februari ile ya 2025 matetemeko mengi madogo yalikitikisa kisiwa siku baada ya siku, watu zaidi ya 11,000 wakaondoka kwa meli na ndege. Mjukuu alitucheka tulipouliza kama babu aliondoka. "Mwezi wa pili ni mwezi wa kupogoa," akasema. "Nilimpigia nikilia, akaniambia yuko shambani na simu inamsumbua."

Kisha mzee akasimama, akatuita tusogee ukingoni. Akanyoosha mkono kushoto. Kulikuwa na jengo jeupe na bwawa la kuogelea. "Lile liliuzwa na jirani yangu." Akanyoosha mkono kulia. Palikuwa na shamba lenye ngata kama zake, lakini za kijivu, kavu, nyasi zimeota katikati. Niliigusa moja baadaye. Ilivunjika kama kiota cha ndege cha zamani. "Hili ni la watoto wa kaka yangu, wa Melbourne. Hawakuliuza. Wanalipenda sana. Kila baada ya miaka michache wanakuja, wanapiga picha hapo, wanalia kidogo, wanarudi."

Binti alitafsiri sentensi hiyo kwa aibu kidogo, akiangalia chini. Mzee akaongeza: "Moja limeuzwa, moja halikuuzwa. Mzabibu umekufa pande zote mbili."

Nikamuuliza kwa nini yeye hakulitunza lile la kulia. Akasema alilitunza miaka mingi bila malipo, halafu magoti yakakataa. Aliwaandikia walipe mtu wa kupogoa. Wakajibu kwamba damu haidaiani. Na vijana wanaojua kuzungusha ngata wamebaki wachache. Kupogoa shamba dogo tu huchukua wiki nyingi za baridi, umeinama, na hotelini kuna kazi ya mshahara.

Sikusema kitu. Baba watoto alinitazama, naye hakusema kitu, na kwa hilo nilimshukuru.

Simu ya usiku

Usiku ule watoto walipolala nilitoka barazani nikampigia mdogo wangu. Badala ya kumuuliza habari za mnunuzi, nilimuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza tangu tumzike baba: "Nani anapogoa sasa?"

Akakaa kimya. Kisha akasema, "Mimi, Dada. Nani mwingine?"

Akanieleza yote. Kwamba huamka saa kumi usiku kupogoa kabla hajaenda kwenye kazi yake mjini. Kwamba dawa ya ukungu imepanda bei. Kwamba msimu uliopita wanunuzi walichelewa, zabibu zikaanza kuoza mtini, akauza kwa bei ya kutupa. Kwamba nguzo kumi na moja zimeanguka. Mimi nilikuwa nimetuma pesa za bati, pesa za dawa za mama, pesa za sare za watoto wake, na kila mara nilijiona nimetimiza. Sikuwahi kutuma hata shilingi ya shamba, ingawa kila niliyekutana naye Leicester nilimwambia kwamba kwetu tuna mizabibu.

"Samahani, mdogo wangu," nikamwambia. "Nilikuita huna haya."

"Yameisha, Dada."

Tulizungumza hadi salio lake la intaneti likakatika, akaongeza, tukaendelea. Hatukumaliza usiku mmoja, na mama naye alikuwa na neno lake. Tulichokubaliana mwishoni ni hiki. Ekari ya barabarani, ambayo mizabibu yake ilikuwa nusu imekufa, iuzwe. Sehemu ya pesa ni ya mama, sehemu ni ya mdogo wangu kwa miaka aliyofanya kazi bila kulipwa na yeyote kati yetu. Ekari ya pili ibaki, na mimi nilipe vibarua wa kupogoa, misimu yote miwili, kila mwaka, kama ninavyolipa kodi ya nyumba. Siku nitakayoshindwa kulipa, nitasema wazi nimeshindwa, na ndugu yangu aamue bila kunisubiri. Mnunuzi alinung'unika kwamba alitaka zote mbili. Mwishowe akachukua moja.

Sioni kwamba nimeliokoa shamba. Nusu yake imekwenda. Lakini nusu iliyobaki ina mikono.

Kwa familia zinazofikiria kwenda

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen, hata kama ana kibali cha kuishi Uingereza. Ombeni mapema, maana miezi ya kiangazi nafasi za miadi huwa finyu. Kuna ndege za moja kwa moja kutoka Uingereza wakati wa kiangazi. Ukipitia Athens, unaweza kupanda meli bandari ya Piraeus. Huchukua saa tano hadi nane kutegemea aina ya meli, na watoto wataipenda.

Mavuno kwa kawaida huanza Agosti, mapema kuliko sehemu nyingi za Ulaya. Ni wakati wa joto na wa bei kubwa. Mkitaka nafuu, nendeni Mei au Oktoba, ila mtakosa kuona zabibu. Laleni vijijini, kama Pyrgos, Megalochori au Emporio. Mabasi ya umma yanaunganisha vijiji na Fira, na nauli si kubwa.

Msiokunywa msiogope kutembelea canava. Semeni tu mapema kwamba mnataka kuona shamba na kazi yenyewe. Wengi watafurahi kuwaonyesha. Chakula kisicho na nyama ni kingi na kizuri. Na tafadhali, waonyeni watoto wasikanyage wala kukalia ngata za mizabibu kwa ajili ya picha. Zinaonekana kama vichaka vya porini. Kila moja ni kazi ya mtu ya miaka mingi.

Siku ya kuondoka nilimpa mzee kanga mpya niliyokuwa nayo kwenye begi. Hakujua ni ya nini. Nikaichukua, nikaizungusha, nikajiwekea kichwani, nikajifanya nimebeba ndoo. Akaelewa mara moja. Akaivua kichwani kwangu, akainama, akaiweka juu ya mzabibu mmoja, akapima. Ilienea sawasawa. Akacheka mpaka akakohoa.

Wiki iliyopita mdogo wangu amenitumia picha. Si ya mama wala ya watoto. Ni safu ya mashina yaliyopogolewa, meusi, mafupi, na matawi yaliyokatwa yamelundikwa pembeni. Chini ameandika: "Vibarua wanne, siku tatu. Nguzo nimesimamisha saba. Bado nne." Nimemtumia pesa za hizo nne.